Jangwa Linalolisha: Juni Katika Misitu ya Misaguaro ya Arizona

Tucson ni mji ulio kusini mwa jimbo la Arizona, Marekani, katika bonde lililozungukwa na milima. Ukitoka mjini kwenda mashariki utafika chini ya milima ya Rincon, na ukienda magharibi utapanda milima ya Tucson. Kote kuwili utaingia katika Saguaro National Park, hifadhi ya taifa iliyogawanyika vipande viwili, mji ukakaa katikati. Hapa hakuna tembo wala simba wa kufuatwa na magari ya watalii. Hifadhi ilitengwa kwa ajili ya mmea mmoja: msaguaro, dungusi refu kuliko yote ya Marekani, linalosimama wima kwa mita 12 na zaidi, mikono yake ikiwa imeinuliwa juu. Kila Juni msaguaro huzaa matunda yanayolisha jangwa zima, binadamu wakiwamo.

Nilikwenda kuyafuata matunda hayo. Juni ni mwezi wa joto kali huko. Jua likifika utosini joto huvuka nyuzi 40, na wageni wengi huona heri waje Februari. Siwalaumu, kwa kuwa Februari hewa ni nzuri na matembezi ni mepesi. Lakini anayekuja Februari anaukuta msaguaro umesimama tu, na anayekuja Juni anaukuta kazini.

Njia rahisi ni kushuka Phoenix kwa ndege, kisha kuendesha gari saa 2 hivi kuelekea kusini. Wengi wetu tukisikia jangwa tunawaza mchanga mtupu na upepo. Jangwa la Sonoran halina sura hiyo. Linapata mvua mara mbili kwa mwaka: manyunyu ya majira ya baridi kutoka bahari ya Pasifiki, na dhoruba za radi za Julai na Agosti. Kwa hiyo ardhi yake imejaa miti. Kuna palo verde yenye gome la kijani, mesquite yenye maganda matamu, na madungusi ya kila umbo, manene, mafupi na ya kutambaa. Juu ya yote imesimama misaguaro. Inaota yenyewe Arizona, jimbo la Sonora nchini Mexico, na michache ng'ambo ya mto Colorado upande wa California. Mahali pengine popote duniani ukiuona, ujue umepandwa na mtu.

Upande wa magharibi wa hifadhi kuna barabara ya changarawe iitwayo Bajada Loop Drive, ya kilomita 10 hivi, inayozunguka miteremko ya milima ya Tucson. Niliingia alfajiri, hewa ikiwa bado na ubaridi. Kulipopambazuka, mteremko mzima ulionekana umesimama: misaguaro kwa mamia, mmoja nyuma ya mwingine hadi kwenye ukingo wa mlima. Hifadhi yote inakadiriwa kuwa nayo ipatayo milioni 2, na bado hutaona miwili inayofanana. Huu una mikono miwili iliyolingana. Ule una mkono ulioning'inia hadi karibu na ardhi, dalili ya baridi kali ya mwaka fulani iliyoulegeza, kisha ncha yake ikageuka na kuanza kupanda tena. Mwingine hauna mkono hata mmoja ingawa umemzidi mtu urefu mara tatu. Ukikaa nayo kwa muda, unajikuta unaitambua mmojammoja kwa sura, na unaanza kuwaelewa wenyeji wa nchi hii, watu wa Tohono O'odham, wanaosema tangu zamani kwamba misaguaro ni watu.

Mwili wa msaguaro umeumbwa kwa ajili ya maji. Ngozi yake ina marinda kuanzia chini hadi kileleni, kama sketi ya shule iliyopigwa pasi. Mvua ikinyesha, marinda hufunguka na shina hunenepa. Ukame ukirefuka, hujikunja tena. Mizizi mingi haiendi chini. Imetandazwa karibu na uso wa ardhi, sentimita chache tu, na huenda mbali na shina umbali unaokaribia urefu wa mti wenyewe, ili mvua ya dakika chache isipotee. Mti mkubwa ulioshiba una uzito wa tani kadhaa, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Ndani, badala ya gogo, mna mbavu za mti zilizopangwa kwa duara. Msaguaro ukifa, nyama huoza na mbavu hubaki zimesimama, kavu na nyepesi, na kwa karne nyingi wenyeji wamezitumia kwa kuezekea, kujengea nyua na kazi nyingine utakazoziona baadaye.

Majani hauna. Kazi ya kutengeneza chakula inafanywa na ngozi ya kijani, na vitundu vya kupumulia hufunguliwa usiku tu, hewa ikiwa imepoa, ili maji yasipotee mchana. Hilo lishike, kwa sababu ndilo linalouponza siku hizi.

Kuna jambo lingine linalodai heshima, nalo ni umri. Msaguaro unaanza na mbegu nyeusi ndogo mno, na karibu kila mara ule unaopona huota chini ya kivuli cha mti mwingine, palo verde au mesquite, unaoukinga na jua, baridi na kwato. Ukifika miaka 10 bado una sentimita chache tu. Maua ya kwanza huja unapokaribia miaka 35. Mkono wa kwanza huchukua miaka 50 hadi 75, na penye mvua haba hata 100. Mti hutimiza miaka 150 na zaidi. Baadhi ya misaguaro niliyopita chini yake iliota wakati nchi hiyo ingali ya Mexico, maana Marekani iliinunua kwa mkataba wa Gadsden ulioidhinishwa mwaka 1854. Bendera ilibadilishwa na miti ikaendelea kukua.

Ukiangalia shina kwa makini utaona matundu. Fundi wake ni kigong'ota. Hutoboa shina, kisha huuacha mti miezi kadhaa upone. Msaguaro huzungusha kovu gumu kuta zote za tundu, na chumba kinakuwa kikavu, chenye ubaridi kuliko nje. Kigong'ota hulea makinda humo, na akihama wapangaji wengine huingia. Mmoja wao ni bundi wa sentimita 13 hivi, mdogo kuliko bundi wote duniani. Jioni moja nilimwona akichungulia mlangoni, macho ya njano, akisubiri giza aende kuwinda wadudu. Mti ukishakufa na kuoza, kovu lile hubaki zima chini, na watu wa kale walilitumia kama chombo.

Maua yanaanza kutoka mwishoni mwa Aprili, meupe, mazito, yamekusanyika kwenye vilele vya shina na mikono. Tangu 1931 ndiyo ua rasmi la jimbo la Arizona. Kila ua hufunguka usiku na kufungwa mchana unaofuata, basi. Katika saa hizo chache linahitaji mgeni wa kulichavusha. Usiku huja popo wenye pua ndefu wanaohama kutoka Mexico wakifuata maua ya madungusi. Asubuhi huja nyuki na hua wenye mabawa meupe. Popo hao waliwekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini nchini Marekani mwaka 1988. Watu wa nchi mbili wakalinda mapango yao na mimea wanayoitegemea, na mwaka 2018 wakaondolewa katika orodha hiyo kwa sababu idadi yao ilikuwa imepanda. Ni habari njema ya kweli, na msaguaro umefaidika nayo.

Kisha linakuja tunda. Mnamo Juni maganda hupasuka mtini na kugeuka nje, mekundu, hata wageni wakidhani mti umechanua tena. Ndani mna nyama nyekundu iliyojaa mbegu, zipatazo 2,000 kwa tunda moja. Wakati huo mvua ya Julai haijafika, vijito ni mchanga, na majani ya miti mingi yamesinyaa. Katikati ya njaa hiyo msaguaro unaandaa karamu. Hua wanakula juu kileleni hadi midomo inakuwa myekundu. Yanayoanguka yanaliwa na koyote, nguruwe mwitu wa huko, kobe na sisimizi. Ndege wakishashiba hutua kwenye palo verde, mbegu zikaanguka chini ya kivuli kilekile ambacho mche mpya unakihitaji. Mti mmoja unaweza kutoa mbegu milioni 40 maishani mwake, na ukipata mrithi mmoja umeshukuru.

Msomaji aliyeona msitu wa euforbia wa Ziwa Nakuru, Kenya, atadhani anaujua mti huu. Umbo linafanana kweli, kwa kuwa ukame wa nchi mbili umefundisha mimea miwili somo moja. Undugu hawana. Utomvu mweupe wa euforbia huchoma ngozi na unaweza kupofusha macho. Msaguaro unakupa chakula.

Wa-O'odham huangua matunda haya kwa upembo ambao wao huuita kuipad. Hutengenezwa kwa mbavu mbili au tatu za msaguaro uliokufa zilizounganishwa, na mwishoni hufungwa kijiti cha kukingama cha kusukumia au kuvutia tunda. Mti wa babu, kwa maneno mengine, ndio unaomwangua mjukuu. Kazi hufanywa alfajiri kabla jua halijakasirika. Tunda la kwanza halitiwi ndooni. Unalipasua kwa ncha kavu ya ua lililobaki kwenye tunda lenyewe, ambayo ni kali kama kisu, unashukuru, unakula. Kisha ganda unalilaza chini ya mti, upande mwekundu ukitazama juu, kuiomba mvua. Nilipewa tunda na mama mmoja wa Ki-O'odham aliyenionyesha taratibu hizo kwa utulivu bila kuruka hatua. Utamu wake ni mzito, una harufu ya tini mbivu, na mbegu zinalia chini ya meno. Baada ya kula, kiu niliyokuwa nayo ilitulia.

Kambini nyama ya tunda hulowekwa, huchujwa na kuchemshwa taratibu juu ya moto wa kuni za mesquite hadi inakuwa shira nyekundu iliyokolea, tamu, yenye moshi kidogo. Ndoo nzima ya matunda hutoa shira kidogo tu, na ndiyo maana huuzwa ghali na kutunzwa. Mbegu hukaushwa zikasagwa unga. Nyama nyingine hukaushwa juani na kuwekwa akiba. Hakuna kinachotupwa.

Sehemu ya shira huchanganywa na maji ikaachwa ichachuke. Divai hiyo ni ya ibada: jamii hukusanyika, huimba na kuinywa ili mvua ishuke. Mwaka wa Wa-O'odham unaanza hapo, katika mwezi wa kuiva kwa msaguaro. Sikuhudhuria ibada yenyewe na sikuomba kuhudhuria, kwa kuwa ni mali yao. Ila niliyaona mawingu ya kwanza yakijenga minara juu ya milima mwishoni mwa msimu, na nikaelewa kwa nini watu wanaoishi hapa hawatenganishi tunda na mvua. Mavuno yakiisha, dhoruba zinaanza, na mbegu zilizodondoka Juni zinapata udongo ulioloa Julai.

Elimu hii ingeweza kupotea. Haikupotea kwa sababu kuna waliokataa. Katika kipande cha magharibi cha hifadhi ipo kambi ya mavuno ambayo Stella Tucker, mwanamke wa Tohono O'odham, aliiongoza kwa miaka mingi. Alirithi kazi hiyo kutoka kwa mzee wake Juanita Ahil, akawafundisha vijana wa kabila lake na wageni waliokuja kwa adabu. Alifariki mwaka 2019, na mavuno yanaendelea. Mwaka 2021 baraza la kutunga sheria la Taifa la Tohono O'odham lilipitisha azimio la kuutambua msaguaro kuwa na nafsi na haki kama mtu. Mwaka mmoja kabla, katika ujenzi wa ukuta wa mpaka unaokata nchi yao, misaguaro ilikuwa imeng'olewa na kulazwa chini na matingatinga. Kwa watu wengine ilikuwa mimea iliyokaa njiani. Kwao ulikuwa msiba.

Maadui wa msaguaro wapo wengine, na mmoja ametoka kwetu. Ni nyasi ya bafeli, yenye asili ya Afrika na Asia. Wamarekani waliitafuta iwe malisho ya ng'ombe katika nchi kame, na mbegu ya aina iliyoenezwa sana huko kuanzia miaka ya 1940 ilitoka bonde la Turkana, kaskazini mwa Kenya. Turkana nyasi hiyo ni riziki. Huko Arizona imejaza nafasi zilizo wazi kati ya mimea, ikikauka inawaka upesi, na baada ya moto inachipua tena. Msaguaro haukuzaliwa na moto. Ukiungua mara moja, mara nyingi hufa. Kwa upande mwingine, wafugaji wa Laikipia wanateseka na mpungate uliovamia malisho yao na kuijeruhi mifugo kwa miiba, na aina moja ya mpungate huo, Opuntia engelmannii, ni mwenyeji wa Arizona, jirani wa msaguaro. Mimea yote miwili ilisafirishwa na binadamu kwa makusudi. Mfugaji wa Laikipia na mlinzi wa misaguaro wana somo moja la kufundishana: mmea mwema nyumbani kwake si lazima uwe mwema ugenini.

Joto nalo limezidi. Mwaka 2023 mji wa Phoenix ulipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika nyuzi 43 na zaidi, na usiku haukupoa. Mti unaopumua usiku ulikosa pumzi, na misaguaro kadhaa ya mjini ikapoteza mikono au ikaanguka mizima. Porini ukame wa muda mrefu umefanya miche iliyoota tangu miaka ya 1990 iwe michache mno. Watu wazima wapo wengi. Watoto ndio wanaokosekana.

Hata hivyo sikuondoka na huzuni, kwa sababu nilikwenda pia mashariki, kwenye Cactus Forest chini ya milima ya Rincon. Eneo hilo ndilo lililotangazwa kumbukumbu ya taifa na Rais Hoover mwaka 1933; kipande cha magharibi kiliongezwa na Rais Kennedy mwaka 1961, na vyote viwili vikawa hifadhi ya taifa mwaka 1994. Katika miongo iliyofuata tangazo hilo la kwanza, misaguaro mikubwa ya Cactus Forest ilikufa kwa wingi kwa baridi, na ng'ombe walikuwa wamekwisha kukanyaga miche na kumaliza miti ya kivuli. Wapo wataalamu waliotabiri kwamba msitu ungetoweka kabla ya karne kwisha. Ng'ombe wakaondolewa, ukataji wa kuni ukakoma, miti ya kivuli ikarudi. Leo ukizunguka barabara ya lami ya upande huo utaona misaguaro maelfu ya rika moja, minyoofu, isiyo na mikono bado. Ndiyo ile iliyoota baada ya watu kuamua. Na vikundi vya kujitolea hupanda milima hiyo kung'oa nyasi ya bafeli kwa mkono, shina kwa shina, wakijua kwamba matokeo watayaona wajukuu.

Ukiwa huko usiache kupanda Signal Hill, kilima kidogo upande wa magharibi ambapo watu wa kale, Wahohokam, walichonga mizunguko na wanyama juu ya mawe miaka 800 na zaidi iliyopita. Panda saa za jioni, uone misaguaro ya aina ile ile waliyoiona wao. Karibu na hapo kuna Arizona-Sonora Desert Museum, iliyofunguliwa mwaka 1952, makumbusho ya wazi yanayoeleza mimea na wanyama wa jangwa hili kuliko kitabu chochote. Mjini kwenyewe utakula vizuri. UNESCO iliitangaza Tucson mji wa sanaa ya mapishi mwaka 2015, wa kwanza Marekani, na vyakula vya jangwani, shira ya msaguaro kikiwa kimojawapo, vina sehemu yake katika heshima hiyo.

Ukipata nafasi, nenda kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzo wa Julai. Tembea kuanzia alfajiri, na ikifika saa 3 asubuhi uwe umerudi kivulini. Beba maji lita 4 kwa siku kwa kila mtu, na usiyapunguze kwa kudhani una nguvu. Usiangue tunda bila idhini ya wenyewe, wala usiguse mti. Kuuharibu ni kosa la jinai katika jimbo hilo. Ukitaka kuonja, nunua shira kwa Wa-O'odham, ulipe bei wanayotaja, kwa kuwa humo mna alfajiri nyingi na kuni nyingi. Na ukirudi nyumbani, uutazame upya mti mkubwa wa kijijini kwako, mbuyu, mkuyu au mkwaju, uulize nani anakula kwake, nani analala kwake, na nani ameupanda mche wake. Misaguaro ya Arizona ipo leo kwa sababu walikuwepo watu waliojiuliza maswali hayo mapema.